Pale Chini ya Kayaba Pasifagiwe

Katika miaka kumi na tisa ambayo Owiti alitunza bustani ya Madam Jasvir, hakuna jani lililoanguka likalala chini siku mbili. Hakuwa mtu wa kujisifu, ila hilo alikuwa akilisema. Alilisema kwa majirani zake Nyalenda, alilisema kwa waendesha boda boda waliokaa karibu na lango, na mara moja alilisema kwa mchungaji ambaye alikuwa amemuuliza habari tofauti kabisa.

Kwake Nyalenda alikuwa na nyumba ambayo mvua ikinyesha lazima sufuria mbili ziwekwe sakafuni. Lakini akishavuka Ring Road na kuingia Milimani, alikuwa na robo tatu ya ekari iliyomtii. Nyasi zilikuwa fupi na sawasawa kama mkeka. Ua wa kayaba, ule wa miba mirefu ambao hata mbuzi huuheshimu, aliukata ukawa bapa kwa juu hivi kwamba ungeweza kuweka kikombe cha chai na kisimwagike. Owiti aliwahi kujaribu. Kila Jumamosi aliyachoma majani aliyofagia wiki nzima na kuyarundika nyuma ya gereji, akatandaza jivu kwenye mawaridi, kisha akaenda nyumbani na moyo mweupe.

Kwa hiyo Jumatatu moja ya mwezi wa nne, mvua zikiwa zimeanza, Madam Jasvir alipotoka kwenye veranda na kumwambia, "Owiti, pale chini ya kayaba, kona ya nyuma, usifagie tena," Owiti alisimama na reki mkononi akingoja maneno mengine. Hayakuja.

"Nimefagia vibaya, Madam?"

"Umefagia vizuri sana. Hiyo ndiyo shida."

Madam Jasvir alikuwa na miaka sabini na miwili. Alizaliwa Kisumu, akafundisha wasichana hesabu Kisumu kwa miaka thelathini na minne, na watoto wake walipohamia Uingereza na kumwita awafuate aliwajibu kwamba kule hakuna kitu alichosahau. Alizungumza Kipunjabi, Kiingereza, Kiswahili na Dholuo, na katika lugha zote nne alikuwa mtu wa maneno machache. Akarudi ndani.

Owiti alijua maana yake. Zadock, aliyekuwa akifanya kazi nyumba ya tatu kutoka pale, aliambiwa na mwajiri wake apumzike kidogo, na hadi leo alikuwa bado anapumzika. Hivyo ndivyo watu wa Milimani wanavyokufuta kazi. Hawakufukuzi. Wanakupunguzia kona moja baada ya nyingine mpaka siku unafika na hakuna pa kusimama.

Jioni alimkuta mkewe, Lorine, kando ya barabara akikaanga mgongo wazi, yale mafupa ya mbuta yanayobaki viwandani baada ya minofu kukatwa, ambayo akiyakaanga yeye mtu hula hadi kichwa. Owiti akamweleza yaliyompata.

"Amesema usifagie kona moja tu?"

"Leo ni moja."

Lorine akageuza samaki. "Baba Elsie, mwambie aandike barua. Bila barua hujafutwa."

Kesho yake Owiti akaenda kuomba barua. Madam Jasvir alimsikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Leo usiende nyumbani saa kumi na moja," akasema. "Saa kumi na mbili na nusu uje hapa kwenye veranda."

Saa kumi na mbili na nusu walikaa kwenye viti viwili vya mianzi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Owiti kukaa kwenye veranda hiyo, ingawa viti hivyo alikuwa amevipaka vanishi mara tano. Hakujua mikono aiweke wapi. Jua lilikuwa linaingia ziwani, kwarara walikuwa wanapiga kelele kuelekea kwenye miti yao ya kulala, na mbu walikuwa wameanza. Walikaa hivyo, kama watu wanaosubiri daktari.

Kisha kule chini ya kayaba kitu kikatikisika. Kikatoka kitu cha ukubwa wa embe dodo, chenye miba mifupi mgongoni, uso mweupe na pua ndefu yenye maji, kikaja kwenye nyasi kwa mwendo wa mtu aliyechelewa ofisini. Kikasimama, kikanusa, kikachimba kidogo, kikatafuna kwa sauti. Ilikuwa sauti kubwa kwa kiumbe wa kiasi kile.

"Huyo ni mtoto wa nungunungu," Owiti akanong'ona.

"Si mtoto wa nungunungu. Ni mtu mzima. Anaitwa kalunguyeye."

Owiti alilirudia jina hilo. Alilirudia tena. "Jina ni refu kuliko mwenyewe."

"Unasikia anachotafuna? Ni konokono. Wale wale wanaokula maua yangu ya yungiyungi. Anakula jongoo, anakula mende, anakula viwavi. Mchana analala kwenye majani. Na wewe majani yote unayachoma."

Owiti alikuwa amekumbuka Nyakach, shule ya msingi, darasa la nne, siku walipomkuta mnyama kama huyu njiani naye akajikunja akawa mpira, nao wakamchezea mpira mpaka kengele ikalia. Hakuona sababu ya kumweleza Madam habari hiyo.

"Kwa hiyo sijafutwa," akasema.

"Umeongezewa kazi."

Kazi yenyewe aliikuta kesho yake ikiwa imeandikwa kwa wino mwekundu kwenye karatasi ya miraba, ile ya kuchorea grafu. Ile dawa ya konokono ya punje za buluu isitumike tena, wala isiwekwe ndani ya boma. Chini ya kayaba liwekwe rundo la majani makavu, lifike magotini, na lisiguswe. Sahani ya maji iwekwe kivulini kila jioni, na iwe ya maji kweli, kwa kuwa maziwa humharisha. Kabla ya kufyeka popote palipo na nyasi ndefu, mtu apite kwanza na fimbo akipapasa polepole. Hakuna kuchoma chochote ambacho hakijafunuliwa hadi chini. Kidimbwi cha samaki kilikuwa na kuta za sementi zilizonyooka, na mnyama akitumbukia atazunguka humo hadi achoke azame, kwa hiyo kitengenezewe ngazi. Na kwenye seng'enge iliyopita ndani ya kayaba, upande wa jirani, litobolewe tundu, kwani mnyama huyu hutembea mbali kutafuta chakula na bustani moja haimtoshi. Kipimo cha tundu Madam alikitoa kabatini: kisahani cha kikombe.

Chini kabisa palikuwa na mstari wa Owiti kutia sahihi. Akatia.

Tundu alilitoboa siku hiyo hiyo. Alilala kifudifudi chini ya miba akiwa na koleo mkono mmoja na kisahani mkono mwingine, na alipomaliza kukata waya aliinua macho akakutana na macho ya Waswa, aliyelala kifudifudi upande wa pili. Waswa alitunza bustani ya jirani, mtu aliyekuwa daktari wa meno.

"Owiti, unafungulia wezi?"

"Mwizi wa kupita hapa labda umkunje mara nne."

"Sasa ni ya nini?"

Owiti akamweleza. Waswa alisikiliza kwa heshima, akasimama, akajipangusa magoti, akaenda moja kwa moja hadi kwenye lango kuwaeleza watu wa boda boda.

Wiki iliyofuata haikuwa nzuri. Asubuhi akifika langoni waliuliza wageni wa Madam wameamkaje. Waswa alimwita Meneja wa Takataka. Hayo Owiti aliyavumilia. Lililomwingia ni la Jumapili, ambalo hata hakulisikia mwenyewe, aliletewa na mpishi wa Madam: kwamba Bi. Sumitra, rafiki ya Madam aliyekuja kunywa chai, alisimama dirishani akatazama lile rundo chini ya kayaba kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti ya huruma, "Jasvir, yule Owiti wako anaumwa?"

Jumatatu alilitazama rundo lile kama mtu anavyotazama madoa kwenye shati lake la harusi. Jumanne pia. Mvua ilikuwa imelipiga, upande mmoja umebomoka, na majani yaliyooza yalikuwa yanatokeza kwa chini. Kufikia Ijumaa alikuwa hapati usingizi vizuri.

Jumamosi asubuhi Madam Jasvir alikwenda kusaidia kupika kwenye gurudwara, hekalu la Masingasinga, kama alivyofanya kila mwezi. Owiti alikuwa amekwishafikiri vya kutosha. Hakuwa anakaidi. Alikuwa anabadilisha. Lile bovu angelichoma palepale, halafu kabla Madam hajarudi angekuwa ametengeneza jingine, jipya, la majani makavu ya jakaranda, lililosimama vizuri, ambalo hata Bi. Sumitra akiliona ataelewa kwamba lilikusudiwa. Karatasi ilisema rundo lifunuliwe hadi chini. Akaingiza reki mara moja, akaitoa. Hapakuwa na kitu. Akanyunyiza mafuta ya taa, akawasha.

Majani yalikuwa mabichi ndani, kwa hiyo moto ulikuja pole pole na moshi mwingi. Owiti alirudi nyuma akasimama akiwa ameegemea reki, na kwa mara ya kwanza wiki nzima alihisi mabega yakimlegea.

Kalunguyeye akatoka. Alitoka upande wa miba, akikohoa, naam, mnyama yule alikohoa, akakimbia hatua kama sita hadi kwenye nyasi. "Aya, nenda," Owiti akamwambia. "Nenda." Yule mnyama akasimama. Akageuka. Akarudi ndani ya moshi.

Baadaye Owiti alijaribu kukumbuka kama alifikiri kitu wakati ule, na hakukumbuka. Reki aliitupa. Alipiga magoti akaanza kuyatoa majani kwa mikono, yanayowaka na yasiyowaka, akiyarusha nyuma kama mbwa anayechimba. Karibu na ardhi, katikati, alifikia kitu kama bakuli lililofumwa kwa nyasi na majani laini. Mama alikuwa amejikunja juu yake, ncha za miba ya mgongoni zimeungua zikawa kahawia. Chini ya mama walikuwepo wanne. Kila mmoja alikuwa sawa na kidole gumba, miba yao bado myeupe, macho bado hayajafunguka.

Watatu walikuwa wanachezesha miguu.

Aliwaweka kwenye kofia yake. Akamfunika mama kwa gunia, akamnyanyua naye akipiga puu puu kwa hasira humo ndani. Nyuma ya tangi la maji palikuwa na kreti kuukuu ya mbao. Akailaza ubavu, akaijaza nyasi kavu na lile bakuli lao, akawaweka humo wote, akaiegemeza bati. Wa nne alimzika kando ya mawaridi. Hakuchukua muda, shimo lilikuwa dogo. Kisha akazima moto, akafagia jivu lote, akavuta majani ya jakaranda kwa wilibaro na kutengeneza rundo jipya palepale. Alipokwenda kunawa ndipo alipoona mikono yake. Viganja vilikuwa vimevimba malengelenge.

Madam alirudi saa kumi. Alishuka kwenye gari, akavuta hewa puani, akatazama upande wa kayaba, halafu akamtazama Owiti, ambaye alikuwa ameweka mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Mikono ina nini?"

"Nimeungua nyumbani, Madam. Mafuta ya Lorine. Samaki aliruka."

"Samaki aliruka."

"Kwenye karai, Madam."

Alisema hivyo, akajua kwamba asubuhi hiyo hiyo Madam alimwona na mikono mizima. Madam alileta dawa ya kupaka na bendeji, akamkalisha kwenye kiti cha mianzi, akamfunga mikono yote miwili kwa umakini, kidole kwa kidole, mpaka Owiti akaonekana kama bondia. Akamwambia apumzike siku tatu. Owiti alikataa kupumzika. Neno lenyewe lilimtisha.

Hiyo ni Jumamosi. Jumatatu mchana, gari dogo jeupe la Madam Jasvir lilisimama Nyalenda mbele ya karai la Lorine, wateja wakiwa wamejipanga. Madam akashuka, akamsalimu kwa Dholuo, akasema alikuwa amekuja kumpa pole kwa ajali ya mafuta, na kumshauri kwamba samaki afutwe maji kwanza kabla ya kuingizwa kwenye karai, ndipo hataruka.

Lorine alikuwa amekaanga samaki tangu kabla Elsie, binti yao mkubwa, hajazaliwa. Mumewe alikuwa amemweleza kwamba mikono iliungulia kazini. Alimtazama Madam, akatazama foleni ya wateja, akatazama samaki.

"Asante, Madam," akasema. "Samaki wa siku hizi ni wakali."

Jioni alimngoja Owiti mlangoni.

"Baba Elsie, kaa hapo. Leo nimefundishwa kukaanga mbele ya wateja wangu. Nimefundishwa na mtu ambaye nyama hali, samaki hali, na yai analitazama mara mbili. Nikasema asante. Yawa, nimekaa hapa nikijiuliza ni ajali gani hiyo nilikuwepo na sikuiona. Niambie."

Owiti akamwambia. Alianza na Bi. Sumitra, maana alitaka ieleweke, akafika kwenye moto, akafika kwenye kofia. Alipofika kwa yule wa nne akatazama ukuta.

Lorine hakucheka, ingawa alikuwa amejiandaa kucheka. "Mama yao alishatoka nje?"

"Alishatoka."

"Akarudi."

"Akarudi."

Lorine aliinuka akachochea jiko, ingawa halikuhitaji kuchochewa. "Kesho mwambie," akasema. "Usipomwambia, mimi nitamwambia, na mimi nitaanza na ile ya samaki."

Siku iliyofuata Owiti alisimama chini ya ngazi za veranda kofia ikiwa kwapani, akasema yote. Madam Jasvir alikuwa anamenya njegere. Hakuacha kumenya.

"Nilijua siku ile ile," akasema baada ya Owiti kumaliza. "Mafuta ya taa yananuka, Owiti. Na rundo ulilotengeneza lina pembe nne. Mti gani unaangusha majani yenye pembe nne?"

Owiti akageuka kutazama. Ilikuwa kweli. Lilikuwa limenyooka kama kitanda cha hospitali.

"Kwa nini hukusema, Madam?"

"Wasichana wangu wakikosea nilikuwa nawapa siku tatu waje wenyewe. Wewe nimekuongezea moja kwa sababu ya mikono." Akaweka bakuli la njegere chini. Kwa muda alitazama vidole vyake. "Mwezi wa pili, ulipokwenda Nyakach kwa matanga, konokono walikuwa wanamaliza yungiyungi zangu. Nikachukua ile dawa ya buluu mwenyewe, nikamwaga. Si kama wewe, kijiko kijiko. Nilimwaga mkebe mzima. Asubuhi ya tatu nikamkuta mmoja wa hawa kwenye mtaro. Mkubwa. Sikuwa hata najua tunao. Nilitafuta jina lake kwenye kitabu akiwa amekufa tayari."

"Ulimzika wapi, Madam?"

"Kwenye mkebe wa biskuti. Kando ya mawaridi."

Owiti akatikisa kichwa polepole. Kando ya mawaridi ndipo alipochimba na yeye, kama hatua tatu hivi. Mpishi alitokea mlangoni kuuliza kama njegere ziko tayari, akawaona, akarudi.

"Hawa watatu wanaendeleaje?" Madam akauliza mwishowe.

"Sijui. Naogopa kufunua."

"Usifunue. Mama akishtuliwa atawaacha. Weka maji karibu, uondoke. Na mikono ikipona, kidimbwi bado hakina ngazi."

Mikono ilichukua wiki mbili. Muda huo wote Owiti alitumia macho. Aligundua kwamba sahani ya maji iliyowekwa jioni ilikuwa imepungua asubuhi, na kwamba mbele ya kreti palikuwa na vinyesi vidogo vyeusi vinavyong'aa vipande vya mabawa ya mende. Alivihesabu kila asubuhi, akapeleka taarifa kwenye veranda, na Madam akaipokea kama taarifa ya benki kuu.

Bendeji zilipotoka alitengeneza ngazi ya kidimbwi kwa matofali yaliyovunjika, akaikwaruza ili miguu isiteleze, kisha akaipima kwa kushusha kiazi chenye ukubwa wa kalunguyeye akitumia kamba, aone kama kingekwama njiani. Alifunika shimo la bomba la bafu kwa wavu. Wavu wa zamani wa voliboli, ambao watoto wa Madam waliuacha na ambao mnyama mwenye miba angejizongazonga humo hadi afe, aliukunja akautundika juu gerejini.

Rundo ndilo lililomshinda. Mikono yake ilikuwa imezoea kunyoosha, na kila alipolivuruga likajikuta limenyooka. Alijaribu kumwaga majani akiwa amegeuka nyuma. Alijaribu kufumba macho. Ikamchukua siku tatu kupata rundo lililoonekana kama hakuna mtu aliyehusika, na alipolipata alisimama kulitazama kwa muda mrefu. Bi. Sumitra alipokuja tena aliuliza kama Owiti bado hajapona. Madam akamjibu kwamba rundo lile lilikuwa kazi ya siku tatu. Sumitra akanywa chai yake.

Mwisho wa mwezi wa tano, jioni moja baada ya mvua, wadudu wa ziwani wakiwa wamejaa kwenye taa ya veranda kama moshi, Owiti na Madam walikuwa kwenye viti vyao. Owiti siku hizi alikaa bila kuambiwa. Bati lililoegemea kreti likalia. Akatoka mama, na mgongoni kile kiraka cha kahawia kilionekana wazi hata kwa mwanga ule mdogo. Nyuma yake akatoka mmoja. Akatoka wa pili. Wakasubiri. Akatoka wa tatu, akaanguka, akainuka.

Madam Jasvir alimshika Owiti mkono wa shati akauvuta.

Wale wanne walivuka nyasi wakiwa kwenye mstari, wakapita kando ya rundo lile la siku tatu bila kulitazama, wakaingia chini ya kayaba. Wakapita kwenye tundu la kisahani, mmoja baada ya mwingine. Hawakurudi.

Walingoja nusu saa.

"Wamehama," Madam akasema.

"Wamehamia kwa daktari." Owiti hakuamini. "Kule hakuna hata jani moja. Waswa anafagia hadi chini ya gari."

"Labda kuna mende zaidi."

Owiti alifikiri juu ya kwa daktari. Alifikiri mkebe wa punje za buluu uliokaa kwenye dirisha la stoo ya Waswa. Alifikiri ile mashine ya kukata nyasi ambayo daktari aliinunua mwaka jana na ambayo Waswa aliiendesha kila Jumanne asubuhi kwa kasi, akiwa amevaa vifaa vya kuziba masikio. Kesho ilikuwa Jumanne.

Saa moja na robo asubuhi alikuwa amesimama kwenye lango la daktari, karatasi ya wino mwekundu mkononi. Waswa alikuwa tayari anaingiza petroli kwenye mashine.

"Meneja! Umekuja kunifundisha kazi?"

"Wageni wangu wamehamia kwako usiku. Mama na watoto watatu."

Waswa akacheka, akafunga mfuniko wa tangi, akashika kamba ya kuwashia.

"Waswa, ngoja." Owiti hakuwa na maneno mazuri. Alikuwa amejaribu kuyatafuta njia nzima kutoka Nyalenda. Akafungua viganja vyake akavinyoosha mbele. Ngozi mpya ilikuwa imeota ya waridi, inang'aa, haina mistari. "Si samaki kama nilivyowaambia langoni," akasema. "Nilichoma lile rundo. Walikuwa ndani. Watoto walikuwa wanne."

Waswa alitazama viganja. Alitazama kwa muda mrefu kuliko Owiti alivyotaka. Kisha akaachia kamba.

"Sasa daktari nitamwambia nini? Anataka nyasi iwe fupi."

"Itakuwa fupi. Tukitangulia na fimbo, kwa mkono, kabla ya mashine. Nitashika upande ule."

Walikata fimbo mbili kwenye mti wa mwarobaini, wakaanza kutoka ukutani, wameinama, wakipapasa nyasi hatua kwa hatua. Karibu na saa mbili daktari wa meno alitoka amevaa tai, akaingia kwenye gari, akarudi nyuma polepole hadi langoni. Akateremsha kioo. Aliwatazama wale watu wazima wawili waliokuwa wakitembea kwenye nyasi zake kama wamepoteza sindano.

"Kuna nyoka?"

"Hakuna, Daktari," Waswa akajibu.

Daktari akasubiri kidogo, akaona hakuna zaidi, akapandisha kioo akaenda kazini.

Waliwapata chini ya bogenvilia, mahali ambapo matawi yalilala hadi chini na reki ya Waswa haikufika. Miba michache tu ilionekana, ikipanda na kushuka kwa pumzi. Waswa alichuchumaa. Alikaa hivyo akiwa amefunika mdomo kwa kiganja.

"Wanakoroma," akasema.

"Huyo ni mama."

Waswa akainuka, akaenda stoo, akarudi na ule mkebe wa dawa ya buluu, akampa Owiti bila kumtazama. Kisha akatazama nyasi zote zilizobaki hadi kwenye lango, akashika fimbo yake vizuri, akainama tena.